Namna ya Kuchagua Pikipiki Kuukuu ya Kugeuza Kafe Resa, kwa Walio Mtwara na Lindi

Anayetamani kujenga kafe resa, yaani pikipiki iliyovuliwa vitu vya ziada ili iwe nyepesi na yenye sura ya mwendo kasi, huanza kwa kuota tangi refu, usukani wa chini na siti fupi yenye nundu nyuma, kisha hutoka kwenda kutafuta pikipiki inayofanana na ndoto hiyo. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu tangi, usukani na siti ni vitu ambavyo mafundi wetu wa Mtwara na Lindi wanaweza kuvitengeneza au kuvibadilisha kwa siku chache, ilhali fremu iliyopinda na kadi ya usajili isiyo na mwenyewe ni maradhi yasiyo na tiba ya bei nafuu. Mwongozo huu unahusu hatua ya kwanza peke yake, yaani kuchagua pikipiki yenyewe kabla msumeno haujagusa chuma.

Mtindo huu ulizaliwa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, pale vijana waliokuwa wakikutana kwenye migahawa ya kando ya barabara, uliovuma zaidi ukiwa Ace Cafe wa London, walipoanza kuzivua pikipiki zao kila kitu kisichosaidia mwendo. Shabaha yao ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, ambazo ni takriban kilomita 160, na waliokuwa na ujuzi zaidi walichukua injini ya Triumph wakaifunga katika fremu ya Norton, mseto huo wakauita Triton. Injini waliipenda ya kampuni moja, lakini fremu waliikubali ya kampuni nyingine kwa kuwa ndiyo iliyoshika barabara vizuri kwenye kona. Sisi wa Kusini hatuna Norton mitaani, na pikipiki ya sentimita za ujazo 125 haitafikia kasi ile hata ikiteremka kutoka Newala kwenda Masasi huku upepo ukiisukuma. Hata hivyo namna yao ya kuchagua, ya kuanza na fremu, inatufaa bila kupunguzwa chochote.

Tazama mstari kwanza

Omba pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati ili iwe wima, rudi nyuma hatua tano au sita ubavuni mwake, kisha uchuchumae hadi macho yako yalingane na siti. Uzuri wote wa kafe resa umo katika mstari mmoja, ule unaoanzia chini ya tangi, ukapita chini ya siti na kuishia mkiani, na ambao unatakiwa uwe sambamba na ardhi au ukaribie kuwa hivyo. Pikipiki ambayo mabomba ya fremu yake chini ya siti yamenyooka itaupokea mstari huo bila kukatwa sana. Ile ambayo mabomba yake yamepinda kuelekea juu nyuma ya dereva, kama zilivyo pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zenye sura ya mashindano, itakulazimisha kukata na kuchomelea upya mahali panapobeba uzito wa mtu, na kazi hiyo haifai kupewa fundi wa mageti hata kama mkono wake ni mzuri.

Njia rahisi ya kuupima mstari ni kupiga picha ya ubavuni kwa simu, ukiwa umeinama chini, halafu ukachora juu ya picha hiyo kwa programu yoyote ya kuhariri picha: futa siti, futa keria, futa madigadi ya nyuma, kisha chora mstari mnyoofu kuanzia ukingo wa chini wa tangi. Ukiona mstari unapita juu ya mabomba ya fremu bila kuyakata, umepata pikipiki inayokubali kazi. Mimi hufanya hivyo hata kwa pikipiki zilizoegeshwa kijiweni ambazo haziuzwi, na mazoea hayo yamenifundisha mengi kuliko picha za pikipiki za Ulaya, ambazo nyingi zina injini kubwa na vipimo visivyolingana na vya kwetu.

Jambo la pili katika umbo ni magurudumu. Kafe resa hupendeza na hutulia barabarani magurudumu yake yanapokuwa na kipimo kimoja au yanapokaribiana sana, na rimu za spoku zinafaa zaidi kwa sura ya zamani kuliko zile za kumiminwa. Honda CG125 na nyingi za Kichina zilizoiga umbo lake huja na rimu za inchi 18 mbele na 17 au 18 nyuma, na hiyo ni bahati kubwa kwa mjenzi. Suzuki GN125 na nakala zake zina inchi 18 mbele na 16 nyuma, ambapo tairi la nyuma huwa pana na fupi. Hiyo si sababu ya kuikataa pikipiki nzima, lakini uhesabu mapema gharama ya rimu nyingine, kwa sababu bila kuibadilisha pikipiki itaonekana kama imekaa kitako.

La tatu ni shokapu za nyuma. Chagua zenye shokapu mbili, moja kila upande, kwa kuwa ni rahisi kupata nyingine ndefu au fupi kidogo ili kusawazisha mstari, na pia huacha nafasi wazi katikati ya fremu, ile pembetatu iliyo chini ya siti, ambayo wajenzi hupenda kuiona tupu. Kumbuka tu kwamba pembetatu hiyo leo ina betri, kisanduku cha hewa na nyaya, na vyote vitatafuta pa kuhamia. Pikipiki ambayo betri yake ni ndogo na inayowashwa kwa kiki itakupunguzia kazi kubwa, kwa sababu betri ndogo inaweza kufichwa chini ya nundu ya siti.

Zinazopatikana huku, na zinavyofaa

Chaguo langu la kwanza kwa mtu anayejenga kwa mara ya kwanza ni Honda CG125 au mojawapo ya pikipiki za Kichina zinazotumia injini ya asili hiyo, kama SanLG, Fekon na nyinginezo zilizojaa mitaani. Honda waliitoa CG katikati ya miaka ya 1970 wakilenga nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo na kukosa matunzo, na ndiyo maana valvu zake husukumwa kwa fimbo, bila cheni ya taimingi inayolegea na kupiga kelele. Injini hiyo ina pistoni yenye kipenyo cha milimita 56.5 inayopanda na kushuka milimita 49.5, hupozwa na hewa tu, na fundi aliyejifunzia kazi chini ya mkorosho anaweza kuifungua na kuifunga bila kitabu. Spea zake utazikuta Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa Masoko, na kama kipande kimekosekana kitaletwa na basi kutoka Kariakoo, ambako kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550.

Unapokutana na pikipiki ya Kichina usiyoijua jina, tazama herufi zilizogongwa kwenye bloku upande wa kushoto karibu na chini. Ukiona 156FMI, maana yake ni silinda moja, pistoni ya takriban milimita 56, kupozwa kwa hewa, injini ya pikipiki, na ujazo wa daraja la 125. Ukiona 162FMJ, pistoni ni milimita 62 na ujazo ni daraja la 150. Maandishi hayo yana faida mbili. Kwanza yanakuambia spea ipi uombe dukani bila kubishana kuhusu jina lililobandikwa kwenye tangi. Pili yanafichua injini iliyobadilishwa, kwa sababu kadi ikisema sentimita za ujazo 124 na bloku ikasema FMJ, kuna hadithi ambayo muuzaji hajakusimulia.

Bajaj Boxer ni chaguo la pili, na wapo watakaonilaumu kwa kuiweka hapo, maana ndiyo pikipiki inayoaminiwa zaidi na madereva wa bodaboda. Ni imara, haili mafuta, na ina shokapu mbili nyuma. Kasoro yake kwa kazi hii si ya injini: ni kwamba Boxer iliyouzwa kwa bei ya chini huku kwetu karibu kila mara imekwisha kubeba abiria wawili na gunia kwa miaka, na mwenyewe haiuzi mpaka amekamua tone la mwisho. Ukiipata ya mtu binafsi, mwalimu au muuguzi aliyekuwa akienda nayo kazini tu, ichukue bila kusita.

Kisha kuna zile zinazowavutia watu kwa kumbukumbu, Yamaha DT na Honda XL, pikipiki ndefu ambazo mabwana shamba, misheni na miradi ya wafadhili walizunguka nazo vijijini, na ambazo hadi leo utazikuta zimeegemezwa ukutani kwenye stoo za halmashauri au nyuma ya nyumba za wastaafu. Nazipenda kuliko zote nilizozitaja, na bado nakushauri uziache kama hii ni pikipiki yako ya kwanza ya kujenga. Zina gurudumu la mbele la inchi 21 na shokapu ndefu kwa ajili ya mashimo, kwa hiyo ili zikae chini unapaswa kubadilisha mbele yote, na ukishusha mbele bila kuelewa unachofanya, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na pikipiki hutikisika kwenye mwendo. DT nyingi zina shokapu moja tu iliyofichwa chini ya tangi, jambo linaloifanya nyuma yake iwe ngumu kubadilishwa, na injini yake ya mipigo miwili inahitaji oili yake maalumu na ringi ambazo hazipatikani kila duka. XL ina nafuu, kwani injini yake ni ya mipigo minne na nyingi zina shokapu mbili nyuma.

Honda ndogo za kukanyaga katikati, zile ambazo wazee waliziita Honda hamsini na ndugu zake za 70 na 90, hazifai hata kidogo, kwa kuwa tangi lake liko chini ya siti na mbele ya dereva hakuna kitu cha kujengea umbo. Itengeneze irudi kama ilivyotoka kiwandani, nayo itakupa heshima zaidi.

Kadi, namba na majina

Hapa nakaa kwa muda, kwa sababu ndipo nilipopoteza fedha zangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua DT iliyokuwa mali ya mradi mmoja uliokwisha kufunga ofisi zake. Bei ilikuwa nzuri, fremu ilikuwa nyoofu, na muuzaji alinionyesha kadi halisi yenye jina la mradi. Nilipotaka kubadilisha umiliki nikagundua kwamba aliyeniuzia hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha jinsi pikipiki ilivyotoka kwa mradi ikaja kwake, na mradi wenyewe haukuwa na mtu wa kutia saini. Baada ya miezi ya kuzunguka nikaifungua na kuiuza vipande vipande, fremu ikabaki nyumbani ikiotewa na mlangilangi.

Kwa hiyo soma namba kabla ya kusoma injini. Pikipiki yenye namba za DFP ilikuwa ya mradi wa wafadhili, yenye SM ilikuwa ya serikali za mitaa, na yenye SU ilikuwa ya shirika la umma. Zote hizo zinapaswa kutoka mikononi mwa mwenyewe kwa utaratibu rasmi, kwa kawaida mnada wa hadhara, na mnunuzi wa kwanza lazima awe na hati za mnada huo ndipo isajiliwe upya kwa namba za kiraia. Ukiambiwa hati zipo kwa ndugu aliye Dar es Salaam, subiri zifike ndipo utoe hata shilingi. Kwa pikipiki ya kawaida yenye namba za MC, angalia kama kibao ni cheupe cha biashara au cha njano cha binafsi, kwa kuwa kibao cheupe kinakueleza maisha iliyoyapitia hata kama muuzaji anaapa kwamba alikuwa akiendea shamba tu.

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini kwenye bloku pamoja na zilizoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa na tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa cha kufutia uchafu. Namba iliyosuguliwa kwa jiwe la kusagia, au iliyogongwa kwa tarakimu zisizolingana urefu, ni sababu ya kuondoka hapo bila maelezo. Pikipiki za Kichina zina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 inayoanza na L, na alama ya kumi kutoka kushoto huonyesha mwaka wa toleo: 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011, na kuendelea hivyo, herufi I, O na Q zikirukwa. Umri huo ulinganishe na ule unaotajwa na muuzaji.

Anayeuza awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, au awe na mkataba wa mauziano unaomuunganisha na mwenye jina. Kama kadi imepotea, yeye mwenyewe ndiye aanze polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha aende TRA kuomba nyingine, na wewe usubiri hadi ipatikane. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba rangi na namba ya injini ni taarifa zilizomo kwenye usajili. Ukipaka rangi nyingine au ukibadilisha injini wakati wa ujenzi, nenda ofisi ya TRA ukarekebishe taarifa hizo, la sivyo kila kituo cha ukaguzi kuanzia Mingoyo hadi Nangurukuru kitakuwa na maswali kwako.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, peke yako au na fundi mmoja unayemwamini, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye bloku unapofika. Ikiwa ya moto, imepashwa ili kuficha ugumu wa kuwaka, na hiyo pekee inatosha kukufanya uwe mkali katika ukaguzi uliobaki.

Anza na fremu, kwa kuwa ndiyo unayoinunua kwa kweli. Chunguza shingo, yaani mahali fremu inaposhika usukani, ukitafuta rangi iliyokunjamana au kupasuka, maana hiyo ni dalili kwamba pikipiki iligonga kitu kwa mbele. Funga uzi mrefu kwenye tairi la nyuma, uupitishe pande zote mbili hadi mbele ukiwa umenyooshwa, na upime nafasi iliyobaki kila upande wa tairi la mbele likiwa limenyooka. Nafasi zikiwa sawa, magurudumu yako kwenye mstari mmoja, zikitofautiana sana, ama fremu ama mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, umepinda. Kisha shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto. Ukisikia mchezo kwenye mkono wa nyuma, bushi zimekwisha, na hizo hubadilishwa. Ukiona ufa kwenye maungio ya mkono huo na fremu, hapo ndipo mwisho wa mazungumzo.

Pikipiki iliyofanya kazi ya bodaboda inahitaji jicho la ziada chini ya siti. Wengi huchomelea nondo ili kuimarisha keria ya kubebea magunia ya korosho au mkaa, na joto la kuchomelea pamoja na uzito wa miaka huyapinda mabomba ya nyuma polepole hata yasionekane kwa macho. Sehemu iliyo nyuma ya mahali shokapu zinaposhikwa isikutie hofu, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoikata na kuiwekea bomba la kupinda la kushikilia nundu ya siti. Iliyo mbele ya hapo ndiyo yenye thamani, na nondo ikiwa imechomelewa huko, tafuta pikipiki nyingine.

Kutu ya huku kwetu ina tabia zake. Pikipiki iliyoishi Mikindani, Shangani au kandokando ya mashamba ya chumvi huliwa kutoka ndani ya mabomba kwenda nje, kwa hiyo rangi inaweza kung'aa ilhali chuma kimebaki kama ganda la yai. Gonga mabomba ya chini kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Pikipiki iliyotoka juu kwenye uwanda wa Wamakonde, Newala au Tandahimba, huwa na mchanga mwekundu kila pahali lakini chuma chake mara nyingi ni kizima. Nazo zilizokuwa zikibeba mifuko ya salfa wakati wa kupulizia mikorosho zina hatari yao, kwani unga ule ukikutana na unyevu hula chuma, hasa chini ya keria na ndani ya madigadi ya nyuma, mahali ambapo hakuna anayeosha. Kama unaweza kuchagua, nunua pikipiki ya bara ukaijengee pwani.

Ndipo ufike kwenye injini. Panda juu ya kiki kwa uzito wako bila kuwasha. Injini yenye kompresheni nzuri itakupinga kabla haijazunguka, na iliyochoka itakushusha taratibu kama mtu anayekaa kwenye mto. Ikiwaka, simama nyuma utazame moshi. Moshi wa bluu usiokoma baada ya dakika chache ni oili inayopenya kwenye ringi au kwenye valvu, na moshi mweusi mara nyingi ni kabureta iliyozidisha mafuta, ambayo si shida kubwa. Kelele nyepesi ya kugongana juu kwenye CG isikushtue, kwa kuwa huenda tepeti, vile vinavyosukuma valvu, zimelegea tu, nazo hurekebishwa kwa kipimo cha milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Mlio mzito wa kugonga chini, unaoongezeka ukivuta mafuta na kupungua ukiachia, ni wa fimbo ya pistoni, na kuitengeneza ni kufungua injini nzima. Chovya kipimo cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa ya chai imeingiliwa na maji, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyovuka mito wakati wa masika.

Injini mbovu katika fremu nyoofu yenye kadi safi si mkosi. Injini ya asili ya CG ni rahisi kupata, na wengine hutafuta kwa makusudi pikipiki isiyowaka ili bei ishuke. Fanya hesabu ya kuifufua, itoe kwenye bei unayotaja, na usione haya kuitaja hesabu hiyo mbele ya muuzaji. Kinyume chake, pikipiki inayowaka kwa mguso mmoja, yenye ekzosi mpya inayometameta na fremu iliyopindishwa kidogo, ndiyo inayouzwa haraka kwa wasiojua.

Kuhusu umeme, usiumize kichwa sana. Nyaya za pikipiki kuukuu hukatwa na kuungwa hovyo, na katika ujenzi utazivuta mpya karibu zote. Hakikisha tu kwamba cheche ipo na kwamba taa ya mbele huongezeka nguvu injini ikizungushwa, kwa maana hiyo inaonyesha koili za kuzalisha umeme ni nzima. Hali ya siti, madigadi, vioo na vifuniko vya pembeni usiitolee hata senti, vyote vitatupwa au kubadilishwa. Tangi liangaliwe ndani kwa tochi, lakini hata likiwa na kutu, tangi jingine linaweza kutafutwa ikiwa litapita juu ya uti wa fremu. Pima upana wa uti huo uuandike.

Pima pia unene wa mabomba ya shokapu za mbele kwa kipimio cha fundi wa kukereza vyuma. Usukani wa vipande viwili unaobana moja kwa moja kwenye mabomba hayo hutengenezwa kwa vipimo maalumu, na vingi vinavyouzwa mtandaoni ni vya pikipiki kubwa, vikubwa mno kwa 125 zetu. Njia ya hapa kwetu ni kumpa mkerezaji kipimo atengeneze vibano, au kupindua usukani wa awali uangalie chini, jambo lisilogharimu chochote. Lakini kabla ya kununua jaribu kuugeuza usukani hadi mwisho kila upande, ukikadiria iwapo mikono yako itagonga tangi na iwapo kebo za klachi na breki zitafika.

Bei hufuata korosho. Minada inapoanza kuanzia Oktoba na fedha kuwafikia wakulima, watu hununua pikipiki mpya na wengine huzishikilia zao kwa bei ya juu. Kati ya Juni na Septemba, wakati salfa na vibarua vinadai fedha taslimu, ndipo pikipiki nzuri zilizokuwa zimefichwa uani zinatolewa. Wauzaji wa kipindi hicho wana shida ya kweli, kwa hiyo uwe mwungwana unapopunguza bei.

Mkishakubaliana, andikeni mkataba mbele ya mashahidi, kila mmoja akiwa na nakala, ukitaja namba ya chesisi, namba ya injini na hali ya pikipiki kama mlivyoiona, kisha anzeni mabadiliko ya umiliki TRA mkiwa bado mnasalimiana vizuri. Baada ya hapo usiikate. Ibadilishie oili, kaza cheni, rekebisha breki, uitumie ilivyo kwa mwezi mmoja, mjini na kwenye barabara ya Mikindani kwenda Mingoyo, ukiandika kwenye daftari kila inapotikisika, inapovuja au inapokataa kuwaka ikiwa ya moto. Mwezi ukiisha, fungua keria kwanza, uitazame tena kutoka ubavuni.